Tamasaburo: Mwanaume Aliyewasoma Wanawake

Aprili 2021, katika ukumbi wa Kabukiza uliopo Ginza jijini Tokyo, mwanaume aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 71 aliingia jukwaani akiwa binti wa miaka 17. Jina lake ni Bando Tamasaburo. Mchezo ulikuwa Sakurahime, uliotungwa na Tsuruya Nanboku mwaka 1817. Mwenzake jukwaani, Kataoka Nizaemon, aliyeshika nafasi ya mwanaume, alikuwa na miaka 77. Ilikuwa imepita miaka 36 tangu wawili hao waucheze pamoja, na watu hawakwenda pale kucheka. Walikwenda kumtazama binti mzuri wa ukoo mkubwa akianguka katika mapenzi na balaa, nao wakamwona.

Huku kwetu mwanaume akijifunga khanga mbele ya watu, kicheko huanza kabla hajafungua mdomo. Akijazia matambara kifuani na kutikisa nyonga, kazi yake imekwisha, makofi anayo. Nimeyaona hayo kwenye mahafali, kwenye sherehe za kijiji na kwenye runinga. Ndiyo maana habari za Tamasaburo zilinishika nilipoanza kuzifuatilia, nami naamini zinatuhusu sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa kuliko umbali wa Japani unavyoonyesha.

Mimi ni mwanamke wa Lituhi, wilaya ya Nyasa, iliyokuwa sehemu ya Mbinga hadi ilipofanywa wilaya ya peke yake. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na jioni nawafundisha akina mama na mabinti kucheza kioda, ngoma ya wanawake wa mwambao wetu. Kwa hiyo ninapomtazama mwanaume anayeigiza mwanamke, natazama kama mtu ambaye kazi yake ni kurekebisha migongo, mabega na hatua za wanawake. Jambo la kwanza nililoliona kwa Tamasaburo ni mgongo.

Sanaa iliyozaliwa na mwanamke

Kabuki ni maigizo ya Kijapani yanayochanganya uigizaji, uimbaji na ngoma, yakisindikizwa na shamisen, ala ya nyuzi tatu, pamoja na ngoma na filimbi. Mavazi yake ni mazito, nyuso hupakwa rangi, na kutoka jukwaani kuna njia ndefu inayopita katikati ya watazamaji ambayo mwigizaji huingilia na kutokea.

Anayetajwa kuianzisha ni mwanamke, Okuni, aliyecheza na kundi lake Kyoto mwaka 1603. Makundi ya wanawake yalienea haraka. Watawala wa enzi ile wakalalamika kuwa maonyesho hayo yamechanganyika na ukahaba na ugomvi wa wateja, na mwaka 1629 wakawapiga marufuku wanawake kupanda jukwaani. Nafasi zao zikachukuliwa na vijana wa kiume, nao wakaleta vurugu zilezile, wakapigwa marufuku mwaka 1652. Waliobaki ni wanaume wazima. Hao wakalazimika kujifunza kuwa mama, mke, binti, mjane na kahaba wa daraja la juu, na kizazi kwa kizazi wakaifanya kazi hiyo kuwa taaluma kamili. Waigizaji wake huitwa onnagata.

Hili la marufuku siwezi kulipita haraka. Wanawake waliosimamisha sanaa hiyo waliondolewa ndani yake kwa sababu ya tabia za wanaume waliokuja kuwatazama, na katazo lilidumu zaidi ya miaka 250. Ilipofika mwisho wa karne ya 19 ndipo wanawake kama Kawakami Sadayakko, aliyezaliwa mwaka 1871, walipofungua tena njia katika maigizo ya Japani, yeye akifika hadi Marekani na Paris na kundi la mumewe. Jukwaa kuu la kabuki lenyewe limebaki kwa sehemu kubwa la wanaume hadi leo. Uzuri wa kazi ya onnagata haufuti dhuluma hiyo, na mtu anayeisifu bila kuitaja hasemi habari nzima.

Uingereza nako mambo yalikuwa hivyo. Wakati wa Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, na wavulana ndio waliocheza nafasi zao hadi mwaka 1660 au karibu na hapo. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, wanamkumbuka Portia, anayejivika mavazi ya kiume na kuingia mahakamani kama mwanasheria. Watazamaji wa kwanza wa mchezo ule walimwona mvulana anayeigiza mwanamke anayejifanya mwanaume. Lakini Uingereza wavulana hao walipokua na sauti kuvunjika, kazi iliwaishia. Japani mtu aliweza kuanza utotoni na kufikia ukomavu wake uzeeni.

Mtoto wa mguu dhaifu

Tamasaburo alizaliwa Tokyo tarehe 25 Aprili 1950. Katika kabuki majina hurithiwa ndani ya koo za waigizaji, na mtoto wa mwigizaji ndiye huandaliwa kushika jina la baba au babu. Yeye hakuzaliwa katika ukoo wa namna hiyo. Wazazi wake walikuwa na mgahawa wa kijadi.

Akiwa mtoto mdogo aliugua polio, na ugonjwa ukauacha mguu mmoja dhaifu. Alipelekwa kujifunza ngoma ya Kijapani ili viungo vipate mazoezi. Mtoto akaipenda kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1957, akiwa na miaka saba, akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Mwigizaji Morita Kanya wa 14 alimchukua kuwa mtoto wake wa kulea, na mwaka 1964 kijana akapewa jina la Bando Tamasaburo, akiwa wa tano kulibeba.

Kimo nacho kilikuwa tatizo. Alikua mrefu kuliko onnagata wengi, na kwa desturi mwanamke wa jukwaani hatakiwi kumzidi mwanaume anayecheza naye. Dawa yake ni ya mwili: anakunja magoti ndani ya vazi, anashusha kiuno, halafu anatembea hivyohivyo onyesho zima bila mtazamaji kuona kwamba kuna mtu aliyeinama. Akina mama wanaolima milimani kuelekea Mbinga au kuinamia mchanga wa ziwani kuanika samaki wadogo wa usipa wanajua maana ya kukaa na magoti yaliyokunjwa kwa saa nyingi. Yeye hufanya hivyo akiwa amevaa kitambaa juu ya kitambaa na wigi zito, huku uso ukiwa mtulivu.

Kufikia miaka ya 1970 alikuwa maarufu, hasa alipocheza na Nizaemon, ambaye wakati huo aliitwa Kataoka Takao. Hakukaa ndani ya kabuki tu. Mwaka 1976 alicheza nafasi ya mke wa Macbeth. Mwaka 1984 alicheza New York kwenye ukumbi wa Metropolitan Opera. Mwaka 1994 mwongozaji wa Poland, Andrzej Wajda, alitengeneza naye filamu ya Nastasja, kutokana na riwaya ya Dostoyevsky, na Tamasaburo akacheza mwanaume na mwanamke katika filamu hiyohiyo. Mwaka 2008 aliingia katika kunqu, opera ya kale ya China, akaimba kwa Kichina katika Banda la Mapeoni, nafasi ya binti anayekufa kwa ajili ya mtu aliyemwona ndotoni. Kuanzia mwaka 2012 aliongoza kisanaa kundi la wapiga ngoma la Kodo, lenye makao kwenye kisiwa cha Sado. Alipata Tuzo ya Kyoto mwaka 2011, na mwaka 2012 serikali ya Japani ikamtambua kuwa Hazina Hai ya Taifa, heshima wanayopewa mafundi wa sanaa za jadi ili waendelee kuzirithisha.

Mwanamke anajengwaje

Katika mafunzo ya onnagata, mwanafunzi huanza na miguu. Anabana magoti pamoja na kugeuza vidole vya miguu kwa ndani. Walimu humpa karatasi aishike katikati ya magoti, kisha atembee. Karatasi ikidondoka, mwanamke ameondoka. Kutoka hapo wanapanda mgongoni: mabega yanavutwa nyuma na kushushwa, mifupa miwili ya mgongoni ikaribiane, ili shingo ionekane ndefu na mabega yaonekane membamba. Viwiko vinakaa karibu na mbavu. Vidole vya mkono vinabanwa pamoja, na sehemu ya kiganja inafichwa ndani ya mkono wa kimono ili kionekane kidogo.

Baada ya mwili unafuata uso. Nyusi halisi hulazwa kwa nta mpaka zipotee. Kisha rangi nyeupe hupakwa kwa brashi usoni, shingoni, kisogoni na mikononi. Nyusi mpya huchorwa juu zaidi ya zile za asili. Pembe za macho hutiwa wekundu, na midomo huchorwa midogo kuliko ilivyo. Kola ya kimono huvutwa nyuma ili kisogo kionekane, kwa kuwa kwa Wajapani uzuri wa mwanamke umekaa pale. Wigi nalo hutengenezewa kiunzi cha shaba kinachopimwa kwenye kichwa cha mwigizaji mwenyewe.

Niliwapa wenzangu wa kioda mazoezi ya karatasi, tukatumia kurasa za daftari. Mabinti karatasi ziliwadondoka hatua za mwanzo tu. Akina mama wa makamo walidumu nazo, hasa wale ambao maisha yao yote wamepandisha ndoo za maji kutoka ziwani. Mama mmoja alitembea mpaka kwenye mwembe na kurudi, karatasi ikiwa palepale, kichwa hakitikisiki. Nilipowaambia kuwa mafunzo hayo ni ya wanaume, walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza: kwa hiyo mwanaume huyo alikaa chini akatusoma? Ndiyo, alikaa chini akasoma, na waliomtangulia walikuwa wamesoma kwa zaidi ya miaka 300.

Walisoma kwa njia tofauti. Yoshizawa Ayame, onnagata mkubwa aliyefariki mwaka 1729, alifundisha kwamba mwigizaji anayetaka kuwa mwanamke jukwaani aishi kama mwanamke hata nje ya jukwaa, kiasi cha kujitenga anapokula ili mwenzake anayecheza mwanaume asimwone. Tamasaburo hakufuata hivyo. Nje ya jukwaa huvaa na kuishi kama mwanaume mwingine yeyote, na amewahi kueleza kwamba humtazama mwanamke kwa macho ya mwanaume, jinsi mchoraji anavyomtazama mtu anayemchora. Anachoonyesha ni kile alichokiona, kikiwa kimechujwa hadi kubaki kiini. Naiheshimu kauli hiyo kwa sababu ina mipaka. Hasemi anajua kuzaa wala kunyonyesha. Anasema ametazama kwa makini.

Yangeyange kwenye theluji

Kazi yake inayonigusa kuliko zote ni ngoma ya Sagi Musume, iliyochezwa kwanza mwaka 1762. Ni habari ya roho ya ndege mweupe, wa jamii ya yangeyange tunaowaona wakisimama kwenye kina kifupi pale mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Ndege huyo amempenda binadamu na penzi limemshinda.

Pazia likifunguka anaonekana amesimama peke yake kwenye theluji, amevaa nguo nyeupe za bibi harusi, kichwa kimefunikwa, mwavuli mkononi. Hasogei. Kisha shingo inageuka kidogo sana, na mguu mmoja unanyanyuliwa polepole jinsi ndege anavyoutoa majini. Aliyekaa ufukweni asubuhi anamjua ndege huyo hapohapo.

Halafu mbele ya macho ya watu nguo nyeupe inatoweka na anabaki binti wa mjini mwenye kimono chekundu. Hakuna uchawi hapo. Vazi la juu limeshikizwa kwa nyuzi nene ambazo msaidizi, aliyejikunyata nyuma ya mwigizaji, huzichomoa moja moja huku ngoma ikiendelea. Zikishatoka zote, vazi huvutwa kwa mara moja na vazi la chini hujitokeza. Mwigizaji lazima ajue uzi upi umetoka na upi bado, na asionyeshe hata kwa kope kwamba kuna mtu mgongoni anamfungua. Hubadilika hivyo zaidi ya mara moja, kutoka furaha ya usichana hadi mateso ya roho inayoadhibiwa, na mwisho anaanguka kwenye theluji, mgongo umepinda nyuma, mikono ikipigapiga kama mbawa mpaka inatulia. Tamasaburo aliicheza kwa miaka mingi, ikiwa ni pamoja na mwaka 2009 Kabukiza, akielekea miaka 60.

Ng'ambo ya ziwa na huku kwetu

Wanaodhani mambo haya ni ya Wajapani peke yao wavuke ziwa. Wachewa wa Malawi, pamoja na ndugu zao wa Zambia na Msumbiji, wana Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya chama cha siri cha Nyau. Wachezaji ni wanaume. Miongoni mwa vinyago vyao yumo Maria, mwanamke, na aliye chini ya kinyago hicho na ndani ya gauni ni mwanaume. Tarehe 25 Novemba 2005 UNESCO ilitangaza kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, na katika tangazo hilo moja zilikuwemo kabuki ya Japani na Gule Wamkulu ya jirani zetu.

Na sisi tuna mganda. Wanaume wa mwambao huu na wa ng'ambo waliliona gwaride la askari wa kikoloni, wakalitazama kwa makini, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakaligeuza ngoma yenye mistari iliyonyooka, mavazi nadhifu na vyeo. Akina mama tuna kioda, nayo ina mistari yake, sare zake na nidhamu yake. Uwezo wa kumtazama mtu mwingine mpaka mwili wako uujue mwendo wake tunao hapahapa. Wanaume wetu waliweza kumsoma ofisa wa jeshi wa Kizungu. Hawashindwi kumsoma mama aliyewabeba mgongoni.

Kinachokosekana ni heshima kwa kinachosomwa. Katika vichekesho vyetu mwanamke huwa mdomo mkubwa, makalio ya matambara na fujo za wivu. Watoto wanatazama na wanashika. Mvulana niliyempa nafasi ya mama katika igizo la shule alikuja na sauti ya kubana pua na mkono kiunoni. Nilimwomba anionyeshe mama yake anavyotua ndoo. Alifikiri, akainama kwa magoti mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja ukishika ukingo na mwingine ukitafuta ardhi, kisha akapumua. Darasa zima likanyamaza, maana kila mtoto alimwona mama yake.

Jukwaa la wanawake kwanza

Kwa haya yote sisemi wanaume wapewe nafasi za wanawake. Tanzania imekwisha kuonyesha njia nyingine. Penina Muhando aliandika tamthilia za Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982, akiwaweka wanawake na shida zao katikati ya jukwaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, kimefundisha wasichana kwa wavulana. Mwaka 1996 wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, mpango ambao wasichana wa sekondari hutumia maigizo kueleza wenyewe yanayowakwamisha shuleni. Mwambao wetu unahitaji Tuseme nyingi zaidi. Bado kuna wazazi wanaomzuia binti kuigiza wakihofia atasemwa, na hapo ndipo nafasi yake huishia kwa mvulana mwenye matambara. Ni marufuku ya mwaka 1629 inayoishi bila sheria.

Lakini binti akishapata jukwaa lake, namkaribisha pia mvulana anayetaka kumcheza mama, na binti anayetaka kumcheza babu, mvuvi au mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja aende kwanza kwa anayemwiga. Akae kwenye kichanja cha usipa, au kwenye mtumbwi, au jikoni, atazame miguu kabla ya uso na mgongo kabla ya sauti, arudi afanye mazoezi mpaka magoti yaume. Tamasaburo amefanya hivyo tangu akiwa mtoto mwenye mguu mgonjwa, na akiwa na miaka zaidi ya 70 alikuwa bado anaonyesha matunda yake. Aliyemsoma mwanamke kwa bidii ya namna hiyo hawezi tena kumfanya kichekesho, na walimu wa sanaa katika shule zetu tunaweza kulifundisha hilo kuanzia muhula ujao, kwa ukurasa mmoja wa daftari.